Kurasa Mbili za Bi Chapa

Ting.

Ilikuwa kengele ndogo ya taipureta, ile inayolia mstari unapokaribia ukingo wa karatasi, kumwonya mpigaji kwamba nafasi imekwisha. Bi Chapa aliisikia kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka akawa haisikii tena, kama mtu asivyosikia pumzi zake mwenyewe. Siku taipureta zilipotolewa mahakamani zikarundikwa stoo, na kompyuta zikaingia, ndipo alipojua kwamba alikuwa akiipenda. "Kompyuta haikuonyi," alilalamika. "Mstari unashuka wenyewe. Unaandika tu, hujui umefika wapi."

Jina la Bi Chapa alipewa na makarani wenzake, na lilimkaa vizuri kuliko la kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kunakili hukumu na maelezo ya mashahidi kutoka kwenye mwandiko wa mahakimu, mwandiko ambao yeye aliuita nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Alinakili talaka, mirathi, ugomvi wa mipaka ya viwanja, na mambo mengine ambayo mtu akiyasoma hapati hamu ya kula. Hakuuliza. Hakimu akikosea, kosa lilibaki pale pale. "Kosa la hakimu ni la hakimu," alimwambia kila msichana mpya aliyeletwa ofisini. "Wewe ni vidole tu."

Mchana mmoja alinakili amri ya kumtoa jirani yake katika nyumba aliyokaa miaka ishirini. Jioni alikutana na jirani huyo sokoni, wakachagua vitunguu kwenye fungu moja, wakacheka habari za mvua. Hakumwambia neno. Haikuwa kazi yake kumwambia.

Alipostaafu, vidole havikustaafu. Vilicheza juu ya meza wakati wa chakula, vikacheza juu ya shuka alipolala, na dada yake aliyeishi naye akamwambia, "Vitafutie kazi hivyo vidole, mdogo wangu. Wageni wakija watadhani una mashetani."

Kazi alitafutiwa na fundi wa simu wa pale mtaani. Fundi alimweleza juu ya kikundi cha watu wa kujitolea, waliotawanyika katika miji na nchi mbalimbali, wanaonakili riwaya za zamani. Ni zile ambazo waandishi wake wamekufa siku nyingi, haki zao zimekwisha muda, na sasa ni mali ya kila mtu. Kitabu kilichobaki nakala moja au mbili katika kabati la maktaba hupigwa picha, ukurasa baada ya ukurasa. Mtu mmoja huzitazama picha na kuziandika neno kwa neno, mwingine husoma tena akilinganisha, kisha kitabu huwekwa mtandaoni, kila anayetaka akisome bure.

"Wanakupa nini?" dada yake aliuliza.

"Ahsante."

"Basi ukifa tutakuzika kwa ahsante."

Kikundi kilikuwa na kanuni moja kuu, nayo ilitumwa kwa kila mgeni siku ya kwanza: andika unachokiona, usiandike unachokijua. Bi Chapa aliposoma sentensi ile alihisi amerudi ofisini kwake.

Dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkubwa, alimzidi miaka sita. Sukari ilikuwa imemla macho, ikaja ikamla mguu wa kulia hadi chini ya goti, na sasa ilikuwa kwenye figo. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, hatua tatu kutoka mlango wa mbele, kwa sababu kiti chake cha magurudumu hakikupita kwenye mlango wa chumbani. Ulimi wake tu ndio ugonjwa ulioshindwa kuugusa.

Fundi aliiwekea simu ya Mama Mkubwa sauti inayosoma maandishi. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka, inayotamka kila kitu kama tangazo la kifo. Mama Mkubwa aliipa jina la Shemeji.

"Mwanamume wa kwanza kukaa nyumba hii bila kuuliza chakula kiko wapi," alisema. "Marehemu mume wangu angemwonea wivu."

"Marehemu angemtafutia fimbo," alijibu Bi Chapa.

Faili la kitabu lilikuwa moja, la pamoja. Bi Chapa akiandika kwenye kompyuta yake chumba cha nyuma, maneno yale yale huingia kwenye simu ya dada yake sebuleni. Kila asubuhi aliketi karibu na dirisha, miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akaandika kurasa nne au tano huku akibonyeza vitufe kwa nguvu kana kwamba chini yake kuna karatasi ya kaboni. Akimaliza hupaza sauti, "Dada, tayari!" na upande wa pili Shemeji huanza.

Riwaya waliyokuwa nayo ilihusu mjane mmoja na binti yake. Mwandishi wake alikuwa mtu wa maneno mengi, asiyeweza kumpitisha mtu mlangoni bila kueleza mlango ulichongwa na nani. Siku za mwanzo Mama Mkubwa alikoroma katikati ya sura. "Watu hawa wanaongea kama barua za serikali," alisema. "Hakuna hata mmoja anayekohoa?" Lakini kwenye ukurasa wa sitini hivi binti aligombana na mama yake akaondoka nyumbani, na tangu hapo kukoroma kulikoma.

Bi Chapa alijua sababu. Mama Mkubwa alizaa mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo hakuwa ameikanyaga nyumba ile kwa miaka kumi na minane. Baba yake alipofariki hakuonekana mazikoni. Alifika siku ya nne, mchana, viti vya kuazima vimesharudishwa, akiwa na begi moja na sababu ambayo hakuna aliyeisikia, kwa kuwa mlango haukufunguliwa. Mama yake alisimama ndani, komeo limefungwa, akasema, "Uliyemfuata keshaondoka. Rudi ulikotoka." Binti alibisha. Akabisha tena. Majirani walitoka, wakaona haya, wakarudi ndani.

Siku ile Bi Chapa alikuwa chumba cha nyuma na taipureta ya ofisi, akimalizia hukumu ya kurasa arobaini. Alisikia kila kishindo. Hakuinuka. Alipiga mstari baada ya mstari, kengele ikilia mwisho wa kila mmoja, na jioni dada yake alipomwuliza kama alisikia lolote, alijibu kwamba kichwa chake kilikuwa kwenye kazi.

Sasa muuguzi alikuja mara mbili kwa wiki. Alhamisi moja, akivaa viatu barazani, alimwambia Bi Chapa kwa sauti ya chini, "Mama, tuhesabu wiki. Miezi tuiache."

Wiki hiyo hiyo walifika ukurasa wa 186.

Binti wa mjane alikuwa amerudi. Alikuwa nje, anabisha. Mjane alishuka ngazi, akasimama nyuma ya mlango, "akalishika komeo kwa mkono wake wa kuume, na" — ukurasa ukaishia hapo. Picha iliyofuata ilikuwa ya ukurasa wa 189, sura mpya, mjane yuko safarini peke yake akitazama mashamba. Karatasi moja, yaani kurasa mbili, ilikuwa imechanwa zamani. Kwenye picha ilionekana ncha yake imebaki katika mshono wa kitabu, nyembamba kama kipande cha ukucha.

Kwa jambo kama hilo kanuni ilikuwa wazi: andika ndani ya mabano kwamba kurasa hazipo, kisha endelea. Bi Chapa aliandika hivyo, na Shemeji akasoma hivyo, kwa sauti yake ya msibani: "Kurasa mbili hazipo."

"Zimekwenda wapi?" Mama Mkubwa aliuliza kutoka kitandani.

"Zimechanwa, dada."

"Na nani?"

"Nitajuaje? Mtu wa zamani huko."

"Mungu anamwona alipo. Kufungua, amefungua?"

"Haijulikani."

Mama Mkubwa alichezea pindo la blanketi kwa vidole. "Mtu ameshika komeo," alisema hatimaye. "Ameshika kabisa. Huwezi kushika komeo halafu isijulikane."

Siku mbili hakula vizuri. Ya tatu hakutaka kumsikia Shemeji. Aliuliza mara moja tu, asubuhi, kama zile kurasa zimepatikana, kisha akageuza uso ukutani. Bi Chapa alisimama na kikombe cha uji mkononi, akautazama ule mgongo uliokuwa umekonda mpaka mifupa inahesabika, akakumbuka maneno ya muuguzi.

Siku ya nne alifunga mlango wa chumba chake, akafuta yale maneno ya ndani ya mabano, akaandika.

Kitabu kilikuwa na mistari thelathini na miwili kwa kila ukurasa, naye aliandika mistari sitini na minne kamili. Alianza pale sentensi ilipokatika: akalishika komeo kwa mkono wake wa kuume, na kwa kuwa mkono ulikuwa ukitetemeka, akauongezea wa kushoto. Alimwandika mjane akifungua. Alimwandika binti akiingia na vumbi lake, na hakuna aliyeomba radhi. Mama alibandika maji ya kuoga, binti akala amesimama, wakalala chini ya paa moja. Kisha Bi Chapa akakumbuka kwamba kwenye ukurasa wa 189 mjane yuko peke yake, akamfanya amwamshe binti alfajiri na kuagana naye kwa amani, ili mshono usionekane. Aliweka hata sentensi mbili tatu ndefu zisizo na kazi yoyote, maana mwandishi yule asingefungua mlango bila kuzisifu mbao zake.

Tangu azaliwe hakuwahi kuandika jambo ambalo halikuwa mbele yake kwenye karatasi ya mtu mwingine. Alipomaliza, vidole vilikuwa baridi.

"Dada," alipaza sauti. "Zimepatikana."

Mama Mkubwa alimwambia Shemeji asome mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu akainuka kidogo, akaegemea kiwiko. "Mwambie Shemeji apumzike. Namba ya yule mtoto unayo?"

Bi Chapa alikuwa nayo, nyuma ya kalenda ya zamani, aliyopewa na binamu yao mmoja na ambayo hakuwahi kuipiga. Aliibonyeza, akaiweka simu kifuani pa dada yake, sauti imefunguliwa.

"Haloo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mama yako. Au unao wengi?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watoto, kisha mlango ukafungwa na kelele zikafifia. "Nilikuwa naye mmoja," sauti ilisema.

"Ndiye huyu. Macho sina, mguu mmoja sina. Ulimi ninao."

"Huo naujua."

Mama Mkubwa akacheka. Bi Chapa hakuwa amesikia kicheko kile kwa miezi. "Kuna kitabu tunasoma hapa," aliendelea. "Ndani yake mama amemfungulia mtoto wake mlango. Nikasema ngoja na mimi nipige."

"Kitabu," binti alirudia polepole. "Miaka kumi na minane, mama, halafu kitabu."

"Ulitaka ningoje gazeti?"

Binti hakucheka. Alisema atafikiria. Kabla ya kukata akauliza, "Mama mdogo yupo? Bado anapiga taipureta? Siku ile ilikuwa inalia mpaka naondoka."

"Yupo. Siku hizi ana kompyuta," Mama Mkubwa alijibu.

Bi Chapa alikuwa amesimama pale pale na sahani mkononi. Aliipeleka jikoni akaiosha, akaifuta, kisha akaiosha tena.

Kesho yake ujumbe uliingia: Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mama Mkubwa alimtaka Shemeji ausome tena na tena, mpaka hata fundi wa simu, aliyepita kuangalia chaji, akasema, "Mama, hiyo simu itachoka." Akaagiza shuka la bluu litolewe kabatini. Akala uji, akaomba uongezwe.

Aliyekuwa akilinganisha maandishi ya Bi Chapa na picha alikuwa mfamasia, mwanamke wa mji mwingine, aliyesoma kurasa kati ya mteja mmoja na mwingine. Hawakuwahi kuonana. Alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Bi Chapa, samahani, nina foleni hapa lakini hili linanikera. Hizi 187 na 188 umezitoa wapi? Kwenye picha hazipo."

"Kuna nakala huku."

"Huku wapi?"

"Nyumbani."

"Jamani, umetuokoa! Basi zipige picha, tuziweke pamoja na zile nyingine."

"Nitazipiga."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bi Chapa ilikuwa na urefu wa siku sita. Siku ya sita, Alhamisi, msimamizi wa kikundi aliwatangazia wote kwa furaha kwamba msomaji mmoja ameikuta nakala nyingine katika stoo ya shule, imeliwa na mchwa pembeni, lakini zile kurasa mbili ziko salama. Aliambatisha picha.

Bi Chapa alizifungua. Nusu nzima ya ukurasa wa 187 ilikuwa taa: mafuta yake, utambi wake, kivuli chake ukutani. Kisha, katika mstari wa kumi na tisa, mjane aliliachia komeo. Alirudi kwenye kiti chake akaokota shati alilokuwa akishona. Binti alikaa kizingitini mpaka jua likatua, halafu viatu vyake vikasikika vikienda zake, na mjane akakata uzi kwa meno.

Simu ikalia. "Bi Chapa," alisema mfamasia, "mbona nakala yako ni tofauti?"

"Sina nakala."

Upande wa pili mteja fulani aliuliza dawa ya kikohozi cha mtoto.

"Niliandika mimi," Bi Chapa alisema.

"Umeandika vizuri, na ndiyo ubaya wenyewe. Mimi nina macho ya kazi hii na mshono sikuuona. Tungemtia marehemu mwandishi maneno mdomoni, na yeye hawezi kufufuka akakana."

"Najua. Nimewafundisha hilo wasichana wengi."

"Nini kilikupata?"

Bi Chapa alivua miwani ya juu, akaifuta; jibu lenyewe halikuwa la kumpa mtu aliye na foleni. Mfamasia akapumua. "Rekebisha mwenyewe, leo. Kwa msimamizi mimi sijaona kitu."

Alirekebisha Alhamisi ile ile kabla ya mchana. Mistari sitini na minne ikatoka, mistari sitini na minne ikaingia, pamoja na taa yake. Alilinganisha neno kwa neno, mara mbili, kama zamani. Alikusudia dada yake asijue kamwe. Kitabu walikuwa wameshakimaliza, na mtu mwenye wiki chache hana haja ya kurudi nyuma. Jambo moja tu lilimpita, ambalo yeye kati ya watu wote hakupaswa kulisahau: faili lilikuwa moja.

Ijumaa alikwenda kuchukua dawa. Aliporudi, shuka la bluu lilikuwa limetandikwa vizuri na simu ilikuwa imelazwa kifudifudi juu yake.

"Shemeji amebadilisha maneno," alisema Mama Mkubwa.

Bi Chapa aliweka mfuko chini.

"Nilitaka kusikia pale pa mlango kabla ya kesho. Nikamwambia asome. Akanisomea taa, taa, taa. Halafu ananiambia mwanamke amekwenda kushona."

"Ndivyo kilivyo kitabu, dada. Zimepatikana kurasa zenyewe."

"Na zile za kwanza?"

"Nilizitunga."

"Wewe?" Mama Mkubwa aligeuza uso upande ilikotoka sauti. "Wewe, ambaye hata pole za msiba unanakili kwenye kadi ya jirani?"

"Mimi."

Mama Mkubwa alianza kucheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu. Bi Chapa alimshika mgongo mpaka kikapita. Nje fundi wa pancha alikuwa akigonga rimu, pigo moja moja, bila haraka.

"Mpigie mtoto," alisema Mama Mkubwa. "Mwambie asije."

"Dada."

"Nilimwita kwa ukurasa ambao haupo. Mwenye kitabu alitujua watu wa aina yangu, ndiyo maana akamwandika vile. Mtoto wa watu afunge safari, aje akute mama yule yule? Piga."

Bi Chapa aliichukua simu. Namba ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akautazama mlango: rangi iliyobanduka chini, komeo lililong'aa kwa kushikwa miaka yote, zulia la miguu. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe, na kwa mara ya kwanza hakikujua la kufanya.

"Siku ile alipobisha," alisema, "nilisikia."

"Uliniambia kichwa kilikuwa kwenye kazi."

"Nilisikia, dada. Tangu kishindo cha kwanza. Ningeweza kupita mbele yako nikafungua. Nikapiga taipureta. Na yeye huko nje alikuwa anaisikia, umemsikia mwenyewe alivyosema."

Machozi yalimtoka Mama Mkubwa kwenye macho yasiyoona, yakashuka pembeni hadi masikioni, naye hakuyafuta.

"Kumbe tulikuwa wawili," alisema.

"Tulikuwa wawili."

"Miaka yote hii nimeibeba peke yangu." Alivuta pumzi kwa shida. "Na sasa hata nikitaka, mlango ule uko mbali. Hatua tatu. Mguu uko wapi?"

Bi Chapa aliizima simu, akaiweka chini ya mto. Aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la dada yake lililolowa, akasema kwa sauti ambayo hata mtu aliyesimama barazani asingeisikia:

"Kesho nitafungua mimi."